Tela ni gari la pili: gumzo la kikundi cha ukoo, Wete, Tanga na Likoni

ALKHAMISI

Hamadi (Wete): Asalaam alaykum jamaa. Safari ya hifadhi ya Shimba Hills, Kenya, inshaallah ni Jumamosi ya wiki ijayo. Watu sita, gari moja na lile tela la kambi lililoko kwa Ami Kombo. Sisi wa Pemba tunavuka na mabegi tu, tunapanda gari Tanga. Mkononi nina pasipoti, kadi ya gari na bima. Kuna chengine?

Ami Kombo (Tanga): Waalaykum salaam. Umetaja kadi ya gari. Ya tela iko wapi?

Hamadi: Shkamoo Ami. Nilidhani tela linafuata gari.

Ami Kombo: Marahaba. Barabarani linafuata gari. Mpakani tela ni gari la pili. Lina namba yake ya usajili, kadi yake na namba yake ya chasi. Beba kadi za asili zote mbili na kopi tatu za kila moja, maana kopi ya pale mpakani utaitafuta ukiwa na foleni ya malori nyuma yako.

Ami Kombo: Na jina. Gari ni langu, tela ni la marehemu kaka na kadi imeshahamishiwa kwa Juma. Wewe Hamadi ndiye dereva. Kwa hiyo unataka barua mbili za idhini, moja yangu, moja ya Juma. Kila barua itaje namba ya usajili, chasi, jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, nchi unayokwenda na tarehe za kwenda na kurudi. Igongwe muhuri wa wakili, ibandikwe kopi ya kitambulisho cha mwenye mali. Gari likiwa na mkopo, benki nayo itoe barua yake. Letu halina, alhamdulillahi.

Dada Mize (Likoni): Na hiyo "jina kama lilivyo kwenye pasipoti" msiichukulie mchezo. Hamadi na Hamad ni watu wawili kwa mwenye kompyuta.

Hamadi: Sawa. Na ZanID, kitambulisho cha Mzanzibari? Bi Time hana pasipoti.

Ami Kombo: ZanID haivuki mpaka wa Horohoro. Asiye na pasipoti aombe hati ya dharura ya safari Uhamiaji huko huko Pemba, asingoje afike Tanga. Watoto nao kila mmoja na hati yake, cheti cha kuzaliwa, na kama mzazi mmoja hayumo ndani ya gari, barua ya ridhaa ya yule mwengine.

Dada Mize: Ile eTA ya Kenya, kibali cha kusafiri cha mtandaoni kilichoanza Januari 2024, msiilipie. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hawaihitaji. Mitandaoni kuna watu wanawauzia wasiojua.

Faki Fundi (Wete): Karneti je, ile hati ya forodha ya kuvushia gari mipakani?

Ami Kombo: Karneti ni ya magari yanayotoka mbali, Ulaya au Afrika Kusini. Gari lenye namba ya T, yaani la Tanzania Bara, kuingia Kenya hupewa kibali cha muda cha forodha. Kituo cha Horohoro na Lunga Lunga ni cha pamoja, unasimama mara moja tu, upande wa nchi unayoingia. Kwenda Kenya unapita majengo ya Horohoro unasimama Lunga Lunga, na maafisa wa Tanzania wako humo humo. Kurudi ni kinyume chake.

Ami Kombo: Utaratibu wenyewe: Uhamiaji Tanzania wakugongee kutoka, dirisha la pili Uhamiaji Kenya wakugongee kuingia. Kisha forodha. Hapa ndipo watu wanapokosea. Forodha ya Tanzania waandike kwamba gari NA tela vimetoka kwa muda, ndipo forodha ya Kenya watoe kibali cha kuingia. Ukipewa karatasi usiikunje ukatia mfukoni. Soma pale pale dirishani: namba ya gari, namba ya tela, chasi mbili, tarehe ya mwisho. Tela lisipoandikwa kutoka, siku ya kurudi linaonekana limenunuliwa Kenya, na ushuru wake utadaiwa. Tela likiwa lako miaka kumi haisaidii, kompyuta haikumbuki.

Hamadi: Na bima ya bara haitoshi?

Ami Kombo: Haitoshi. Unakata Kadi ya Njano ya COMESA, bima ya kuvuka mipaka ya soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, kwa kampuni iliyokukatia bima ya gari, kabla ya safari. Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000 lakini kwenye mpango huu wa kadi imo. Waambie una tela, na tela litajwe kwa namba yake. Na fahamu inalipa hasa nini: madhara utakayomfanyia mtu wa huko. Gari lako likibonyea, au friji ya ndani ya tela ikivunjika, kadi hiyo haina habari.

Dada Mize: Jambo la kuchekesha kidogo. Huku Kenya namba zinazoanza na Z ni za matela. Gari la Zanzibar lenye Z likipita, wenzangu hulitazama mara mbili 😂 Letu ni T na T, tumesalimika.

Bi Time (Wete): Mize mwanangu, nataka nikuletee karafuu vikombe viwili vya chai na viungo vya pilau.

Ami Kombo: Bi Mkubwa, karafuu ziache. Mnunuzi wa karafuu ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na karafuu ya Pemba inayovuka kwenda Kenya bila karatasi ni magendo, iwe gunia au kikombe. Na humo ndani ya tela mna makabati mengi, afisa akikuta kitu kimoja atafungua yote.

Bi Time: Haya, nimesikia. Na samaki wa kukaanga?

Dada Mize: Wa kukaanga wa kula njiani leteni. Nyama mbichi, maziwa mabichi, miche, mbegu na matunda, acheni. Nunueni Ukunda. Wala msilete mifuko ya plastiki, Kenya imeipiga marufuku tangu 28 Agosti 2017. Na hifadhini, tangu Juni 2020, hata chupa za maji za kutumia mara moja haziingii. Jazeni tangi la tela na chupa ngumu za kujazia.

Ami Kombo: Na kurudi, asinirudie mtu na mirungi. Kwa Mize inauzwa barabarani, kwetu ni dawa ya kulevya kisheria, na dereva ndiye anayeulizwa kwanza.

Faki Fundi: Sasa nisikilizeni mimi, maana karatasi zikitimia tela likakatika njiani hakuna dirisha la kuulizia. Nani yuko karibu nalo?

Juma (Tanga): Mimi. Liko chini ya mwembe.

Faki Fundi: Tangu lini?

Juma: Tangu Mfunguo Mosi.

Faki Fundi: Basi fungua beringi. Tela lililosimama miezi grisi yake hukauka upande wa juu na kutu inaingia. Toa habu, osha kwa mafuta ya taa, tazama kama beringi zina vidoa au rangi ya bluu. Zikiwa nazo, tupa. Tia grisi mpya ya beringi, sili mpya nyuma, kaza nati mpaka tairi liwe zito, kisha legeza kidogo lizunguke bila kucheza. Pini mpya, usirudishe ya zamani. Nunua na beringi za spea seti moja na sili yake, uzitie kwenye kopo lenye kifuniko. Tanga mjini utapata saizi, Lunga Lunga hutapata.

Faki Fundi: Siku ya safari, baada ya kilomita 30 simama, gusa kila habu kwa mgongo wa mkono. Vuguvugu sawa. Ukishindwa kuweka mkono, umekaza sana au beringi inakufa. Kutoka Tanga mpaka Horohoro ni kama kilomita 65, kwa hiyo mna nafasi ya kugundua kabla hamjatoka nchini. Hapo hapo kaza nati za tairi na boliti za springi, zikikazwa upya baada ya kufunguliwa hulegea safari ya mwanzo.

Juma: Na taa, indiketa ya kushoto ikiwaka taa ya breki nayo inapepesa.

Faki Fundi: Hiyo ni athi. Waya mweupe. Plagi ya pini saba: njano indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyeupe athi, nyekundu breki, nyeusi taa ndogo ya kushoto, kahawia ya kulia, buluu taa ya ukungu. Athi ikishika kutu, umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia taa nyengine, ndiyo unaona zinapepesa pamoja. Hewa ya bahari hiyo. Kwaruza mpaka chuma king'are pale waya mweupe unapofungwa kwenye chasi, funga upya, paka grisi juu. Usibadilishe balbu kwanza, utamaliza pesa bure.

Hamadi: Mzigo tupange vipi? Mara ya mwisho lilikuwa linayumba kama mkia wa papa.

Faki Fundi: Mzigo ulikuwa nyuma. Vizito viwe juu ya ekseli na mbele yake kidogo, vyepesi nyuma. Kichwa cha tela kikalie ule mpira wa chuma wa kuvutia ulio nyuma ya gari kwa kama asilimia 10 ya uzito wote. Tela la kilo 700 likishapakiwa, kichwani kiwe kilo 70 hivi. Kupima ni rahisi: chini ya kichwa weka kipande cha mbao kisimame juu ya mizani, tela likae sawa kama linavyokaa likivutwa. Ile mizani yetu ya karafuu ingefaa lakini iko Wete, Juma azima dukani. Na kumbuka lita 60 za maji ni kilo 60, pima tangi likiwa limejaa.

Faki Fundi: Likianza kuyumba, toa mguu kwenye mafuta na ushike usukani sawa. Usipige breki kwa nguvu. Minyororo ya usalama ipishane chini ya kichwa kama X, ili kichwa kikichomoka kidondokee juu ya minyororo kisichimbe lami.

Dada Mize: Gesi. Mtungi wa kilo 15 wa Tanzania huku hamtaubadilisha, saizi za Kenya ni 6 na 13, na mtungi wa kampuni ya kwenu hakuna wa kuujaza kihalali. Njooni na kilo 6 iliyojaa. Jiko la moto wa wastani linakula gramu 150 mpaka 200 kwa saa, saa 30 za kupika mnazo. Safarini valvu ifungwe, regyuleta itolewe, mtungi usimame wima na ufungwe kamba.

Ami Kombo: Ahsante Mize. Na Hamadi andika orodha ya vitu vya tela, karatasi moja: friji, jenereta, sola, betri, na namba za kiwanda za kila kimoja. Igongewe muhuri wakati wa kutoka. Jenereta isiyo kwenye orodha ikirudi inaonekana mpya.

Ami Kombo: Pembetatu chukueni nne, mbili za gari na mbili za tela. Mtungi wa kuzimia moto uwe na tarehe hai. Namba ya nyuma ya tela isifichwe na baiskeli.

IJUMAA

Hamadi: Chanjo ya homa ya manjano inatakiwa Kenya?

Dada Mize: Mnaihitaji kurudi. Anayetoka Kenya kuingia Tanzania huulizwa cheti. Kinaanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya sindano na tangu Julai 2016 hakina mwisho, ni cha maisha. Aliyechanja zamani asichanje tena, atafute kadi yake.

Bi Time: Na mjukuu wa miezi saba?

Dada Mize: Chanjo hutolewa kuanzia miezi tisa. Muulizeni daktari awaandikie barua.

Hamadi: Basi wengine tunachanja kesho Jumamosi, cheti kinaanza Jumanne ya wiki ya pili. Na Likoni tunavuka?

Dada Mize: Hamna haja. Shimba Hills iko huku huku kusini mwa kivuko. Mkitaka baadaye kwenda Miritini au njia ya Nairobi, piteni barabara ya mchepuko ya Dongo Kundu, tela kwenye kivuko ni foleni tu. Na malipo ya hifadhi ni kwa mtandao, getini hawapokei pesa taslimu.

Ami Kombo: Fikeni mpakani asubuhi. Na siku yoyote isiwe Ijumaa saa sita na nusu.

Juma: Ami, nimekwaruza rangi juu ya namba ya chasi ya tela. Naweka picha ya chuma na picha ya kadi.

Faki Fundi: Hebu zisogeze. Herufi 17 zote zipo. Lakini tarakimu ya tano kutoka mwisho, kwenye chuma ni 0, kwenye kadi ni O.

Hamadi: Si zinafanana?

Faki Fundi: Zinafanana kwa jicho. Chasi ya herufi 17 haitumii kabisa I, O wala Q, kwa sababu hiyo hiyo ya kufananishwa na 1 na 0. Aliyechapa kadi ndiye aliyekosea.

Hamadi: Tukienda hivyo hivyo tukawaelezea?

Ami Kombo: Wakiingiza chasi ya kwenye chuma, kadi haioani, na tela lisilooana na kadi yake linabaki pale mpaka ithibitike si la wizi. Nyie mtakuwa mmesimama juani na mtoto wa miezi saba. Jumatatu Juma anakwenda TRA, Mamlaka ya Mapato, na kadi ya asili, kitambulisho chake, barua ya kuomba kusahihisha, na chapa ya chasi. Tela lenyewe liwe tayari kupelekwa kukaguliwa.

Juma: Chapa ya chasi ndiyo nini?

Faki Fundi: Karatasi nyembamba juu ya namba, unasugua na penseli laini mpaka maandishi yatoke. Futa grisi kwanza.

Ami Kombo: Na barua za wakili msizipige muhuri bado, zinataja chasi. Bima pia ngojeni.

Bi Time: Na tiketi za meli?

Hamadi: Sijalipa, nimeweka majina tu. Nasogeza wiki moja mbele. Chanjo nayo itakuwa imeshafika siku kumi.

Ami Kombo: Juma, sugua mara mbili. Moja ya TRA, moja ikae ndani ya gari.