Mjadala: Nani anastahili kumshauri mama kuhusu ulishaji wa mtoto mchanga?

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, Januari 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao ndani ya miaka mitano unakusudia kufikisha wahudumu 137,294, yaani wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa wa Tanzania Bara, mwanamke na mwanamume, kila mmoja akipitia mafunzo ya miezi sita. Miongoni mwa kazi zao ni kumtembelea mama aliyejifungua, kumpima mtoto, na kumshauri mama kuhusu kunyonyesha na kuanzisha chakula cha nyongeza. Naomba tujadili kipande hicho cha mwisho peke yake: je, ushauri wa ulishaji wa mtoto mchanga unaweza kukabidhiwa mtu wa miezi sita, au uachiwe muuguzi na afisa lishe waliokaa darasani miaka mitatu au minne?

Msimamo wangu ni kwamba unaweza, kwa sharti moja zito ambalo sioni likitiliwa mkazo unaostahili, nalo ni kwamba mhudumu apimwe kwa kutazamwa akimhudumia mama halisi mwenye mtoto halisi, na kipimo hicho kirudiwe kila baada ya muda. Cheti cha kidato cha nne kinaonyesha kwamba mtu anaweza kusoma mwongozo, lakini hakionyeshi kama anaweza kukaa kwenye mkeka kando ya mzazi aliyechoka, akatambua kwamba mtoto amekamata chuchu tu na ndiyo maana titi linauma, akaeleza kwa upole namna ya kumsogeza hadi kidevu kiguse titi, mdomo ufunguke wazi na ule weusi wa titi uonekane zaidi juu kuliko chini. Jambo hilo linachukua dakika chache kulionyesha, na asipokuwepo wa kulionyesha, siku ya tatu mama anaambiwa maziwa yake hayatoshi na mtoto anaanza kupewa uji.

Tukumbuke pia tunazungumzia nini. Kwa utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa 2022, watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wao, na mikoa inayoongoza ni Iringa (asilimia 57), Njombe na Rukwa (takriban asilimia 50 kila mmoja). Hiyo ni mikoa inayolisha nchi. Chakula kipo ghalani, ila mama anarudi shambani mapema na mtoto anabaki na dada yake mdogo na kikombe cha uji mwepesi. Tatizo la namna hiyo linahitaji mtu anayeishi jirani na anayeweza kubisha hodi jioni, saa ambayo afisa lishe wa halmashauri hawezi kufika hata angekuwa na moyo wa dhahabu.

Afisa lishe wa halmashauri

Nakushukuru kwa mada, ila naona umechagua mfano mwepesi. Kumweka mtoto vizuri kwenye titi kunafundishika, sibishi. Naomba nitoe mifano isiyo myepesi.

Mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne analetwa Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji akiwa na mashavu yaliyojaa na miguu minene, na mhudumu anampongeza mama mbele ya wenzake kwamba mtoto amenona. Hakuibonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba kwa sekunde tatu, kwa hiyo hakuona kwamba shimo linabaki. Mtoto yule amevimba kwa utapiamlo mkali, na mahali pake ni wodini akianzishiwa maziwa tiba ya F-75 chini ya uangalizi, wakati mama anarudishwa nyumbani na sifa pamoja na ushauri wa kuongeza unga wa lishe. Na huo unga wenyewe ni mjadala mwingine, kwa sababu kila mtaa una muuzaji anayechanganya mahindi, karanga, soya na chochote alichokipata, akajiita mtaalamu, huku tukijua kwamba mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya hubeba sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo.

Mfano wa pili ni vipimo. Mtoto aliye chini ya miaka miwili hupimwa urefu akiwa amelazwa kwenye ubao. Ukimsimamisha unapata pungufu ya takriban sentimita 0.7, na kwa mtoto aliye karibu na mstari, tofauti hiyo inatosha kumhesabu kuwa amedumaa. Utepe wa rangi unaopima unene wa mkono ukikazwa kidogo, mtoto aliyestahili kusomwa njano, yaani utapiamlo wa kadiri, anasomwa nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Makosa hayo yakijumlishwa kwa wahudumu zaidi ya laki moja, takwimu tunazopangia bajeti zitakuwa za kubuni.

Halafu kuna mama anayeishi na VVU. Kwa muda mrefu alishauriwa aache kunyonyesha mapema. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2010 ikamruhusu, akiwa anatumia dawa, anyonyeshe hadi mtoto atimize mwaka, na ya 2016 ikasogeza hadi miaka miwili au zaidi. Aliyefundishwa mara moja na kuachwa ataendelea kutoa ushauri wa zamani kwa kujiamini, na mwenye kuumia ni mtoto. Majirani zetu wa Kenya walitunga sheria mwaka 2007 inayomtaka kila anayefanya kazi ya lishe asajiliwe na chombo cha taaluma. Hawakufanya hivyo kwa kupenda urasimu.

Mkunga mstaafu

Wanangu, nimewasoma wote wawili na nawapongeza kwa kujadiliana kwa heshima. Mimi nilikuwa muuguzi kijana Iringa miaka ya 1980, wakati ule wa mradi wa lishe uliosimamiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za Italia, ulioanza katika vijiji 168. Wahudumu wetu wa vijiji wengi walikuwa na darasa la saba. Walikuwa na mizani ya kuning'iniza kwenye tawi la mti, suruali ya kupimia, na daftari. Siku ya kupima, matokeo yalisomwa mbele ya serikali ya kijiji, na kila mtoto aliyepungua uzito aliulizwa habari zake: mama yake anafanya kazi gani, nani anamlisha mchana, kwa nini amelishwa mara mbili tu. Utapiamlo mkali ulipungua sana, na si kwa sababu tulikuwa na wasomi wengi.

Afisa lishe, mwanangu, mfano wako wa mtoto aliyevimba ni wa kweli kabisa. Ila hata mimi nimepokea wodini vijana wenye shahada ambao hawajawahi kumpakata mtoto wa siku mbili. Wanajua majina ya vitamini zote. Ukiwaambia wamsaidie mzazi aliyejifungua kwa upasuaji apate namna ya kulala ili anyonyeshe, wanamtafuta mhudumu wa wodi. Kwa hiyo kipimo hicho cha kutazamwa kianzie kwao.

Nina hofu nyingine ambayo hamkuigusa. Maziwa ya mwanzo, yale mazito ya njano, bado kuna nyumba yanakamuliwa na kumwagwa, na anayeamua hivyo si mama mzazi. Ni mama mkwe. Sasa mnamtuma kijana wa miaka 22, tena pengine wa kiume, akamweleze bibi wa miaka 60 aliyelea watoto wanane. Hata akiwa na cheti kirefu kama mkeka, hatasikilizwa. Tulipokuwa tukichagua wahudumu zamani, kijiji kilitupa mtu ambaye tayari alikuwa akiulizwa ushauri.

Mchangiaji kutoka Ohio, Marekani

Nachangia kwa ufupi. Huku upo mpango wa serikali uitwao WIC, ulioanza miaka ya 1970, unaohudumia wajawazito, akina mama na watoto wadogo wa kipato cha chini. Nilipojifungua, mtaalamu wa lishe ndiye aliyenipima, akaangalia damu yangu na kuamua ninastahili nini. Lakini aliyekuwa akinipigia simu usiku mtoto alipokataa titi alikuwa mshauri rika, mama aliyewahi kunyonyesha wanawe na kufundishwa kwa kazi hiyo. Wangu alikuwa mama wa Kikongo, tukaelewana kwa Kiswahili. Nilipopata homa na titi likawa jekundu, hakujaribu kunitibu. Alinipa namba ya kliniki na asubuhi akapiga kuhakikisha nimekwenda. Nadhani kilichomfaa zaidi ni kujua wazi kabisa kazi yake inakoishia.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii

Naomba na sisi tunaojadiliwa tusikike. Mimi nilisoma mwaka mzima chuoni, kwa mtaala uliotangulia huu wa miezi sita, nikahitimu, nikakaa nyumbani bila kupangiwa kazi. Wenzangu wengi waliishia kuuza duka la dawa au kulima. Kwa hiyo ninaposikia mafunzo yanapunguzwa au yanaongezwa, swali langu la kwanza ni nini kitamfanya aliyefundishwa abaki. Posho ikichelewa miezi mitatu, mhudumu aliyepimwa na kufaulu anakwenda kutafuta kibarua, na mtoto anapimwa na mtu mwingine ambaye hakufundishwa kabisa.

La pili ni semina. Tumehudhuria mafunzo ya kunyonyesha katika ukumbi wa hoteli mjini, siku tano, picha ukutani, chai na vitafunio, cheti siku ya mwisho. Hakukuwa na mzazi hata mmoja ndani ya ukumbi, na mtoto tuliyempakata alikuwa wa plastiki. Ningependa kujua pia nani analipia semina hizi, maana tangu 1981 kuna kanuni ya kimataifa inayozuia kampuni za maziwa ya kopo kujipenyeza kwa wahudumu wa afya, na nchi yetu ina kanuni zake, lakini kalamu na madaftari yenye nembo bado tunayaona.

Mwanzisha mada

Shikamoo mama mkunga, na asanteni nyote.

Afisa lishe, nakubaliana nawe kwamba yapo mambo ambayo mhudumu hapaswi kuyashauri hata kidogo: uvimbe wa miguu, mtoto wa chini ya miezi sita asiyeongezeka uzito, mtoto anayekataa titi kabisa, na maswali ya dawa kwa mama mwenye VVU. Kazi yake hapo ni kutambua na kutoa rufaa siku hiyo hiyo, kisha kufuatilia kama alivyofanya yule mama wa Kikongo. Hata hivyo, naona mifano yako yote mitatu inaangukia upande wangu. Kubonyeza miguu, kumlaza mtoto kwenye ubao na kutumia mwongozo wa sasa ni mambo ambayo mtu akitazamwa akiyafanya utajua baada ya nusu saa kama anayaweza, na hakuna hata moja linalohitaji shahada. Yanahitaji kuangaliwa na kurudiwa. Kuhusu usajili kama wa Kenya, naukubali kwa mtaalamu, kwa kuwa ndiye atakayemsahihisha mhudumu na lazima awepo wa kumwajibisha naye. Kuubandika kwa mhudumu wa kitongoji ni kumtafutia ada ya kulipa.

Mama mkunga, hoja ya mama mkwe imenikalia vibaya, maana inagusa namna ya kumchagua mtu kabla hata hatujamfundisha. Ningependekeza kwamba katika ile nafasi ya mwanamke, mkutano wa kijiji uruhusiwe kumpendelea aliyelea, hata kama wapo wenye alama nzuri zaidi za mtihani, na yule mwanamume azungumze na akina baba, ambao ndio wanaoamua kama mama mwenye mtoto wa mwezi mmoja arudi shambani au la. Niongeze kwamba mizani yenu ya Iringa ilipima uzito, na kinachotushinda leo mkoa ule ule ni kimo, ambacho mizani haikioni. Ndiyo maana siwezi kusema turudi tu tulikotoka.

Mhudumu, umeuliza swali la fedha. Tangu mkataba wa lishe uliosainiwa Desemba 2017 kati ya Makamu wa Rais wa wakati huo na wakuu wa mikoa, halmashauri zimetakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Halmashauri yenye watoto 40,000 inapaswa kuwa na milioni 40 kwa mwaka. Hazitoshi kulipa posho za wahudumu wote, hilo ni wazi. Zinatosha kununua mafuta ya pikipiki, ili mtu mwenye ujuzi aende vijijini akakae nyuma ya mhudumu anapofanya kazi, amsahihishe pale pale, na kusaini kwamba amemwona akiweza. Ningetaka sehemu ya fedha hizo ifungiwe kazi hiyo peke yake, na isihamishiwe ukumbini.

Kwa hiyo narudi kwako, afisa lishe, kwa swali ambalo wewe tu unaweza kulijibu kati yetu: ukipewa pikipiki na mafuta, na ukipunguziwa ripoti unazoandika kila robo mwaka, ni wahudumu wangapi ungeweza kuwatazama kazini ndani ya miezi mitatu, na ni nani mwingine katika zahanati zako ungemwamini akutazamie waliobaki?