Amplifaya ya marehemu baba inakata fyuzi, naomba ushauri

Wakuu, habari za jioni. Nina amplifaya ya transista ya miaka ya 70 niliyoachiwa na mzee. Juzi iliunguruma, koni ya spika ya kushoto ikatoka nje ikabaki hapo hapo, kisha fyuzi ikakatika. Fundi mmoja wa Luthuli Avenue, hapa Nairobi, akaweka fyuzi kubwa zaidi. Moshi tu!

Sasa nimenunua multimita. Nilichomoa spika na stima, nikapima zile kapasita mbili kubwa (zinazohifadhi chaji ya umeme): bado zina volti 38 kila moja, na mashine imekaa saa nzima! Nilizimaliza chaji kwa rezista ya kilo-ohm 1, wati 5 (kuzigusanisha kwa bisibisi sikuthubutu). Transista moja ya kutolea sauti, upande wa kushoto, inasoma karibu ohm 0 kati ya miguu yake miwili, kolekta na emita, yaani imeshoti. Za kulia haziko hivyo.

Je, nibadilishe hiyo moja au na pacha wake wa upande huo huo? Kabla ya kurudisha stima ya 240 moja kwa moja, balbu ya wati 60 ikiungwa mfululizo na amplifaya ili kupunguza mkondo inatosha? Nina ile ya zamani ya waya, si LED. Na kwenye matundu ya spika, milivolti ngapi za DC (umeme wa mkondo mnyoofu, ule unaosukuma koni nje) zisipozidi ndipo nirudishe spika bila hofu? Transista halisi mnanunua wapi hapa tao? Feki zimejaa.