Nahamia Shinyanga mjini: huo mji wa pamba ukoje hasa?

Mwalimu Mgeni
Habari zenu wakuu. Nimepata uhamisho kutoka Tanga kwenda Shinyanga mjini, naripoti Oktoba. Kila ninayemwambia ananipa pole: ukame, joto, vumbi, maji ya shida. Wengine wanasema pamba ilishakufa na mji umekufa nayo. Mke wangu anauza vitenge, anataka kujua kama hela inazunguka. Wenyeji, nipeni picha halisi.

Ng'wana Kishapu
Mwalimu, karibu sana. Nimezaliwa Kishapu, wilaya jirani, nimekulia kwenye pamba, sasa naishi Ndembezi hapa mjini na shamba bado ninalo.

Oktoba utatukuta pabaya. Jua ni kali kuliko miezi yote, ardhi ya mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi, imepasuka nyufa, ng'ombe wamekonda. Usiuhukumu mji kwa mwezi huo. Subiri mvua zishike, kuanzia katikati ya Novemba, uone watu wanavyogombania kupanda kabla Desemba haijafika mbali.

Hao waliokwambia pamba imekufa wanasahau jambo moja. Maswa, Meatu na Bariadi zilikuwa mkoa wa Shinyanga mpaka 2012, ulipoundwa mkoa wa Simiyu. Pamba nyingi ilihama na ramani, shambani haikuhama. Kwetu imebaki hasa Kishapu na pembezoni. Mjini kwenyewe hutaona mashamba makubwa. Utaona wafanyabiashara, malori na reli ya kati inayotoka Tabora kwenda Mwanza, iliyokuwa ikisomba marobota tangu enzi za mkoloni.

Ukitaka kuielewa Shinyanga, ijue kalenda ya pamba. Msimu wa kununua hufunguliwa Mei au Juni. Kuchuma ni kazi ya mikono: unafunga shuka kiunoni, unasubiri umande ukauke, kisha unavuta nyuzi kutoka kwenye kitumba, yaani tunda la pamba, kilichofunguka. Ncha za ganda lake kavu zinachoma vidole mpaka damu. Mchumaji mzuri hutenganisha palepale, nyeupe kwake na yenye madoa kwake, maana kituoni kuna safi na kuna fifi na bei haziko sawa. Wapo wanaotia maji au mchanga ili mzani upande. Hilo linaniuma sana, kwa sababu sifa ya pamba yetu yote inashuka kwa tamaa ya wachache.

Sasa mwambie shemeji hivi: kuanzia Juni mpaka Agosti, wakulima wakilipwa, watu wa vijijini wanaingia mjini kununua mabati, baiskeli, vitenge, na harusi zinafuatana. Januari mpaka Machi ni kimya, akiba yote imeingia shambani. Apange mzigo wake hivyo. Na asikopeshe sana kwa ahadi ya "nikiuza pamba". Mwaka 2019 bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, bei nzuri tu, lakini wengi wetu tulikaa miezi tukiidai hela yetu kwa wanunuzi. Mkulima akicheleweshewa, duka nalo linalala.

Maji usihofu kama zamani. Tulitegemea bwawa la Ning'hwa, sasa tunakunywa ya Ziwa Victoria, yanayovutwa kutoka Ihelele.

Mtu wa Miti
Naongezea kwenye hilo la ukame. Vichaka vya hapa vilifyekwa kwa makusudi enzi za mkoloni ili kumaliza mbung'o, baadaye miti zaidi ikaondoka kupisha pamba na mifugo. Ndiyo maana Mwalimu Nyerere aliiona hali akashtuka. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, na kilichofanya kazi ni kurudisha utaratibu wa Wasukuma wenyewe, ngitili: eneo linafungwa mvua zikianza, majani na miti vinaota, kiangazi kikikolea ndipo mifugo inaingizwa. Zimerudi zaidi ya hekta 300,000. Ukipanda basi kutoka Tinde angalia pembeni, utaona vichaka vya migunga ambavyo wazee wanasema havikuwepo.

Mwalimu Mgeni
Asanteni sana, mmenitoa hofu. Swali la mwisho: mwalimu anaweza kukodi ekari mbili akalima pamba huku anafundisha?

Ng'wana Kishapu
Inawezekana, ila msimu wa kwanza angalia kwanza. Palizi ndiyo inayowashinda wafanyakazi, inakuja Januari shule zinapofunguliwa. Mbuga ikilowa hushika jembe, huingii shambani siku tatu. Kama unaanza, tafuta luseni, udongo wa mchanga. Mbegu chukua kupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima wa kijiji, siku hizi wanahimiza nafasi ya sentimita 60 kwa 30. Pamba inataka kupulizwa dawa kwa wakati, ukichelewa funza wanaingia ndani ya kitumba na dawa haiwafikii tena. Ukimaliza kuchuma, ng'oa miti yote ya pamba uichome kabla ya 15 Septemba. Usipoichoma, funza wanakaa humo wakisubiri shamba la jirani. Ukifika, uliza njia ya Kishapu siku ya Jumamosi, nitakuonyesha langu kabla hujatoa hela yako.