Mrejesho: diski ya Mad Max imefika Malindi

Jamani, niliuliza kama inafaa kununua diski ya Blu-ray (picha kali kuliko DVD) ya filamu ya Mad Max: Fury Road (2015) wakati muuza muvi wa mtaani hunijazia flashi kwa bei ya maandazi. Nimeitazama. Inafaa.

Kipimo changu kilikuwa ile dhoruba ya mchanga. Kwenye flashi ilivunjika vibokisi-vibokisi. Kwenye diski vumbi linabaki vumbi, na ile rangi ya machungwa haimwagiki kwenye nyuso za watu. (Sehemu kubwa walipigia Namibia, jangwa la kweli hilo.) Lakini sauti ndiyo iliyoniacha hoi. Ni Dolby Atmos, mfumo wa sauti inayokuzunguka hadi juu ya kichwa, na hata kwa saundiba yangu ndogo isiyo na spika za juu, ngoma za lile lori la wapiga ngoma nazisikia zikiwa zimetengana na mngurumo wa injini. Maneno huzama kidogo, nikawasha maandishi ya chini.

Kwa aliyenishauri ningoje diski ya 4K (yenye nukta nyingi zaidi za picha): ile ilikuzwa kutoka masta, yaani nakala kuu ya filamu, ya 2K, yenye nukta chache zaidi. Faida yake kubwa ni HDR, yaani mwanga na rangi zenye upana zaidi, na televisheni yangu haina. Pesa hiyo naiweka kwenye sabufa, jirani atanisamehe.