Noah ya 2005 au Serena ya 2008? Naombeni ushauri kabla sijatoa hela

Mwana_Uluguru:
Wakuu, habari za majukumu. Niko Morogoro, nyumbani tuko saba ukimhesabu mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua, kwa hiyo gari la kupandia juu kama lori hapana. IST imeelemewa. Nimeona gari mbili Dar, zote za mkononi.

Ya kwanza ni Toyota Noah AZR60 ya 2005, namba D (herufi za usajili zinaanza na D), injini 1AZ-FSE, dashibodi inasoma kilomita 98,000. Mwenyewe anataka 13.5m. Ya pili ni Nissan Serena C25 ya 2008, namba D, injini MR20, kilomita 121,000, anataka 11.8m na ndani inang'aa. Serena ni mpya zaidi, bei iko chini, na mke wangu ameshaipenda. Shida ni kwamba kila nikiitaja gereji mafundi wanacheka, na nikiwauliza wanachekea nini kila mtu ana lake. Mwisho wangu ni 15m pamoja na kubadilisha umiliki. Kazi yake ni shule na kazini, Dar kila mwezi, Moshi kila Desemba. Mashabiki wa Toyota naomba mpite kimya kimya.

Kobe_Mjanja:
Toyota ni Toyota. Uzi ufungwe.

Spana_17:
Usifungwe kwanza. Mkuu, wanachekea gia boksi. MR20 yenyewe ni injini nzuri tu, ya cheni, na mafuta haili vibaya. Ila C25 inakuja na CVT. Ile haina gia kama ulizozoea, ni mkanda wa chuma unaobanwa katikati ya puli mbili, na kinachoubana ni presha ya oili. Oili ikichoka, mkanda unateleza na kukwaruza puli, vumbi la chuma linazunguka humo humo na kumaliza vilivyobaki. Hapa kwetu nyingi zinauliwa na mtu mmoja tu: yule anayemwaga haidroliki ya kawaida (oili ya gia boksi za otomatiki za zamani) badala ya oili ya CVT, kwa sababu ni bei rahisi na inapatikana kila duka. Na si maneno ya vijiweni. Kule Marekani Nissan wenyewe waliongeza waranti ya CVT hadi miaka 10 au maili 120,000 kwa magari yao ya 2003 mpaka 2010. Hakuna kampuni inayofanya hivyo kwa ukarimu.

Sasa sikiliza hapa, maana naona hujaambiwa. Noah unayoikimbilia nayo ina CVT. AZR60 ilifanyiwa maboresho Agosti 2004, na tangu hapo wakaacha gia boksi ya gia nne. Ya 2005 imo humo. Kwa hiyo hulinganishi gari lenye CVT na lisilo nayo, unalinganisha CVT mbili zilizotunzwa na watu usiowajua.

Mwana_Uluguru:
Duh. Hili hakuna aliyenigusia. Dalali anaapa ni "gia boksi ya kawaida".

Mama_Mapacha:
Dalali angekuapia hata ina mabawa. Halafu mbona hamumwambii kuhusu D4, mfumo wa mafuta wa hiyo Noah? Herufi za FSE kwenye jina la injini si bure.

Spana_17:
Dada yuko sahihi. D4 inapuliza petroli ndani ya silinda moja kwa moja, kwa hiyo valvu za kuingiza hewa hazioshwi na mafuta kama kwenye injini nyingine. Masizi ya EGR (mfumo unaorudisha moshi kwenye injini) yanagandamana humo mpaka sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, inaanza kupanda na kushuka. Dawa ni kufungua na kusafisha, siyo kubadilisha injini kama wengine watakavyokushauri. Kubwa zaidi kwenye injini za ukoo wa AZ ni boliti za silinda hedi, zile zinazofunga kichwa cha injini kwenye bloku. Bloku ni alumini, gari likichemsha nyuzi za boliti zinang'oka, na maji yanaanza kuvuja taratibu upande wa nyuma wa injini, mahali ambapo macho hayafiki. Nenda na tochi.

Mtu_wa_Himo:
Mimi CVT na D4 nawaachia mafundi. Swali langu: hiyo Noah ilikuwa inaishi wapi? Huku kwetu Noah ni gari la abiria, inabeba watu, ndizi na mbuzi kwa safari moja. Ikichoka inapigwa rangi, inawekewa makava mapya, inashushwa Dar kama "gari la mama, la kwenda kanisani". Kadi inaonyesha kama iliwahi kusajiliwa kibiashara, namba nyeupe. Japo ziko zilizobeba abiria na namba ya njano hiyo hiyo ya gari binafsi, kwa hiyo kadi isikutulize moja kwa moja. Fungua na kufunga mlango wa pembeni mara nyingi uone kama reli imelika. Inua kapeti. Kanyagio la breki likiwa limeisha raba na dashibodi inasema 98,000, mtu kaichezea. Muulize kama bado ana cheti cha kusafirisha gari kutoka Japani, kilomita zinaandikwa pale.

Pwani_Mombasa:
Huku Kenya gari likipita miaka minane haliingii nchini, kwa hivyo za 2005 tunaziona zilizobaki tu. Ndugu yangu, gari la miaka ishirini hosi zake na plastiki za rejeta zina miaka ishirini pia. Weka akiba ya hivyo vitu, usimalize pesa zote kwa mwenye gari.

Mwana_Uluguru:
Mrejesho. Nimekwenda na fundi Jumamosi. Serena: kompyuta haikuonyesha kosa, lakini oili ya gia boksi ni nyeusi na inanuka kuungua, na ikipanda kilima inavuma sana halafu mwendo hauji. Mwenye gari hajui mara ya mwisho iliwekwa oili gani. Noah: tulivyofika tukaikuta imeshawashwa, eti "nilikuwa naisafisha". Fundi kaona michirizi myeupe iliyokauka nyuma ya injini. Mwenyewe kashusha hadi 11m kabla hata hatujaongea bei.

Spana_17:
Michirizi hiyo ni maji ya rejeta. Inatengenezeka: hedi inashushwa, matundu yanatobolewa upya na kuwekewa nyuzi za chuma. Lakini inataka fundi mwenye vifaa vyake, siyo wa kubahatisha chini ya mwembe, na ukijumlisha gasketi na kusawazisha hedi, punguzo lote linaishia pale. Zote mbili achana nazo.

Mama_Mapacha:
Na anayeliwasha gari kabla mnunuzi hajafika ana lake jambo.

Mwana_Uluguru:
Kuna AZR60 ya 2003 Kibaha, 10.5m, rangi imepauka na kiti cha dereva kimechanika. Mke hataki hata kuiangalia. Mama mkwe ameona picha, kauliza tu kama ngazi yake iko chini.

Mtu_wa_Himo:
Rangi iliyopauka haikuachi umekwama porini usiku.

Spana_17:
Hiyo ndiyo ya gia nne. D4 bado ipo, boliti ni zile zile, kwa hiyo ukaguzi haupungui. Mwambie asiiwashe mpaka ufike, na ukifika shika boneti. Ikiwa ya moto, geuza urudi nyumbani. Ikiwa baridi fungua kifuniko cha rejeta: ukikuta utando wa oili au maji yenye rangi ya chai ya maziwa, geuza pia. Kisha iwashe, isikilize sailensa, iache ipate moto na AC ikiwa imewashwa, angalia kama mshale wa joto unatulia. Gia ikiingia kwa kishindo kutoka N kwenda D, niambie kabla hujalipa. Matairi soma tarakimu nne za mwisho ubavuni, wiki na mwaka, maana seti ya matairi ni hela.

Mama_Mapacha:
Na kabla ya kusaini chochote ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini za trafiki, halafu angalia madeni ya maegesho. Deni lipo kwenye gari, muuzaji akishapokea hela yake simu haipokelewi tena.

Mwana_Uluguru:
Nakwenda Kibaha asubuhi na mapema. Nitaweka video ya sailensa hapa.