Jiwe la Hammurabi limebebwa mara mbili: lirudi Irani, lirudi Iraki, au libaki Paris?

Kigae (mleta mada)

Wakuu, habari za muda huu. Juzi nimebishana na jamaa yangu mpaka chai ikapoa, nikaona bora nilete huku.

Jamaa katumiwa picha ya lile jiwe jeusi la sheria za Hammurabi, lililopo makumbusho ya Louvre, Paris. Akasema Wafaransa wawarudishie Wairani mali yao. Nikamwuliza, Wairani kwa lipi? Hammurabi alikuwa mfalme wa Babeli, na Babeli iko Iraki. Akajibu kwamba jiwe lilichimbuliwa Irani. Kumbe wote tulikuwa sahihi, na hapo ndipo ugomvi ulipokolea.

Kwa asiyejua: karibu mwaka 1158 KK mfalme wa Elamu aliyeitwa Shutruk-Nahhunte aliivamia Mesopotamia, yaani Iraki ya leo, akakomba mawe ya wafalme wa huko na kuyapeleka mjini kwake Susa. Susa ndiyo Shushani ya kwenye kitabu cha Esta, na Waelami ni wale wale tunaowasikia kila Pentekoste, "Waparthi na Wamedi na Waelami". Leo ni mji wa Shush, mkoa wa Khuzestan, kusini-magharibi mwa Irani. Jiwe likalala huko miaka kama 3,000, hadi kikosi cha Mfaransa Jacques de Morgan kilipolikuta, vipande vitatu, mwishoni mwa 1901 na mwanzoni mwa 1902. Likaunganishwa, likaenda Paris. Lina urefu wa mita 2.25, kwa hiyo si kitu cha kufichwa mfukoni.

Msimamo wangu ni huu: vilivyotengenezwa na Waelami wenyewe virudi Khuzestan. Vilivyotekwa na Waelami kutoka Babeli na Akadi, dola nyingine ya kale ya Mesopotamia, viende Iraki. Paris wabaki na nakala. Karibuni, ila matusi hapana.

Wakili wa Kijiweni

Mkuu, hicho kichwa cha habari chako kina mtego. Umeandika "limebebwa" lakini ukimaanisha limeibwa. Safari ya pili ilikuwa na karatasi. Mwaka 1895 Shah Naser al-Din aliipa Ufaransa haki ya pekee ya kuchimba mambo ya kale Uajemi yote, yaani Irani ya leo. Mwaka 1900 mwanawe, Mozaffar al-Din, akasaini mkataba kwamba vitakavyopatikana Susa ni vya Ufaransa. Sahihi ya mkuu wa nchi. Babu akiuza shamba, mjukuu haji kudai maembe.

Kigae

Wakili, shamba la babu au la kijiji? Huyo Shah alisaini akiwa ziarani Paris kwenyewe, Agosti 1900, na safari yenyewe kaifanya kwa mkopo wa Warusi. Miaka michache baadaye wananchi wake wakainuka, 1905 na 1906, wakadai katiba na bunge, na mojawapo ya malalamiko yao ni kwamba wafalme wanaigawa nchi kwa wageni kipande kwa kipande. Bunge lao ndilo lililokuja kuufuta ukiritimba wa Wafaransa mwaka 1927. Mimi sisemi mkataba haukuwepo. Nasema ulikuwa na upande mmoja uliokuwa na njaa.

Wakili wa Kijiweni

Mikataba yote ina mwenye njaa. Ukianza kufuta kwa hoja hiyo, hutabakiza hata mpaka mmoja wa nchi duniani. Halafu 1927 walifuta kwa mbele, hawakusema vilivyokwishaondoka virudi.

Mwiko na Brashi

Mimi nimekula mkate kwa kuchimba magofu, upande wa pwani yetu, kama kibarua kwanza na baadaye kama msimamizi wa shimo. Mnabishania jiwe, lakini jiwe lipo, linaonekana. Kilichopotea Susa hakirudishiki na mahakama yoyote.

De Morgan alikuwa mhandisi wa migodi, na alichimba kama mtu wa migodi. Kilima cha Akropoli, hapo Susa, alikikata kwa matabaka ya mita tano tano, vibarua mamia, udongo unatolewa kwa vigari vya reli. Sasa sikilizeni. Kuta za Susa nyingi zilijengwa kwa tofali bichi, udongo mtupu, na tofali bichi likikaa ardhini linafanana kabisa na udongo unaolizunguka. Ili ulione inabidi uparue taratibu kwa ncha ya mwiko, unyunyize maji kidogo, usubiri udongo ukauke. Tofali linakauka kwa rangi yake na tope la kuliunganishia linakauka kwa rangi nyingine. Ndipo ukuta unakuja mbele ya macho yako kama picha. Sisi siku nzima tunaweza kushuka sentimita kumi, na msimamizi akagomba kwamba tumekimbia. Mita tano kwa mkupuo ni nyumba, jiko, kaburi na zizi vyote ndani ya kigari kimoja.

Na juu ya hicho kilima akajenga ngome ya kulala kikosi chake. Matofali akaokota hapo hapo, ya kale, mengine yana maandishi ya wafalme. Ngome ipo mpaka leo. Mimi ningekuwa Mwirani, kabla ya kudai sanamu ningedai madaftari yote ya uchimbaji, kila ukurasa.

Bint Sauda

Mwiko umenena. Ila mimi narudi kwenye sanamu, na sanamu yangu ni moja tu, nayo iko Louvre: Malkia Napir-Asu.

Alikuwa mke wa Untash-Napirisha, yule mfalme wa Elamu aliyejenga lile hekalu la ngazi la Chogha Zanbil, kila upande mita 105, kama kilomita 40 kutoka Susa. Sanamu ya mke wake ni ya shaba, ndani na nje, kilo 1,750. Kichwa hakipo, mkono wa kushoto umevunjika bega. Lakini tazama kilichobaki. Mikono imewekwa tumboni, mmoja juu ya mwenzake, vidole virefu vimetulia, pete kidoleni, bangili kifundoni mwa mkono. Gauni limebana kiunoni halafu likaachia chini kama kengele, na mapindo yake yamechorwa uzi kwa uzi. Fundi aliyemwaga shaba hiyo, karne ya 14 KK, hakuwa mtu wa kubahatisha.

Sasa kwenye hiyo sketi yameandikwa maneno. Kwa ufupi anasema: atakayeichukua sanamu yangu, atakayeivunja, atakayefuta jina langu, laana ya miungu Napirisha, Kiririsha na Inshushinak imshukie, jina lake lipotee na uzao wake ukauke. Jamani, hiyo ni albadiri ya miaka zaidi ya 3,300! Mwenye mali kasema kwa mdomo wake isiondolewe. Wakili, mkataba gani wa Shah unaupiku huo?

Wakili wa Kijiweni

Bi dada, albadiri haina kifungu. Lakini nakiri hapo sina jibu la haraka.

Mtumba Halisi

Nyie mnaongea mapenzi, mimi naongea usalama. Aprili 2003 makumbusho ya Baghdad yaliporwa, vitu maelfu na maelfu vikatoka mlangoni. Khuzestan yenyewe ilikuwa uwanja wa vita vya Irani na Iraki, 1980 hadi 1988. Jiwe la Hammurabi lingekuwepo Shush au Baghdad wakati huo, leo tungekuwa tunabishania changarawe. Libaki lilipo.

Bint Sauda

Usalama upi? Oktoba 2025 wezi wameingia Louvre hiyo hiyo asubuhi kweupe, kwa ngazi na dirisha, wakaondoka na vito vya kifalme. Na Baghdad 2003 nani aliyeivunja milango ya nchi kwanza? Usimpige mtu halafu useme hawezi kutunza sahani.

Mtumba Halisi

Hapo umenibana kidogo. Kidogo tu.

Mjukuu wa Mshirazi

Swali la msingi hamjaligusa. Waelami si Waajemi. Kielami hakina undugu uliothibitishwa na lugha yoyote, si Kiajemi, si Kiarabu, si Kisumeri. Sasa Tehran inadai kwa udugu gani? Ni kama mpangaji wa leo kudai vyombo vya mpangaji wa zamani.

Kigae

Swali zuri, mkuu, na kwa jina ulilojipa linakuhusu kuliko unavyodhani.

Waajemi hawakuja wakakuta nyumba tupu. Koreshi, mfalme wa Waajemi, kwenye ule mcheduara wake wa udongo wa Babeli, anajiita na kuwaita baba zake wafalme wa Anshan. Anshan ulikuwa mji wa Elamu ya milimani, na magofu yake hayako mbali na Shiraz. Dario, mfalme wao mwingine, alipochonga maandishi yake makubwa kwenye jabali la Behistun, alitumia lugha tatu, na Kielami ni mojawapo. Na hesabu za ghala za Persepolis, mji wa kifalme wa Waajemi, maelfu ya vibao vya udongo vinavyojaa kiganja cha mkono, ziliandikwa kwa Kielami. Mle utakuta nani kapewa nafaka, nani kapewa divai, mama aliyejifungua mtoto wa kiume kapata mgao mara mbili ya aliyejifungua wa kike (ndiyo, hata huko).

Na kwenye vibao hivyo hivyo lipo jina la mahali linalosomwa Tirazzish au Shirazish, ambalo wataalamu wanalichukulia kuwa ni Shiraz. Kwa hiyo mjukuu wa Mshirazi, jina la kwenu linaonekana mapema kabisa kwa mkono wa karani anayeandika Kielami. Mpangaji gani huyo anayeachiwa hadi daftari la hesabu?

Mjukuu wa Mshirazi

Haya, nimekaa chini.

Mwiko na Brashi

Hivyo vibao ndivyo mfano bora kwenye huu uzi wote. Vilichimbuliwa 1933, vikaazimwa Chuo Kikuu cha Chicago ili visomwe. Viliazimwa, havikuuzwa. Baadaye watu walioshinda kesi dhidi ya serikali ya Irani kwa ajili ya shambulio la bomu Jerusalem mwaka 1997 wakataka vikamatwe vipigwe mnada walipwe fidia. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na Februari 2018 majaji wote wanane waliosikiliza wakakataa. Mwaka 2019 vibao 1,783 vikarudi Tehran, na si mara ya kwanza kurudishwa. Nchi hizo mbili hazikuwa zikielewana, lakini vibao vilivuka. Kwa hiyo anayesema haiwezekani aseme tu hataki.

Lindi Kwetu

Na mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria wa Lindi aliyeko Berlin, je?

Kigae

Mkuu, huyo anastahili uzi wake. Ufungue, nitakuja wa kwanza.

Wakili wa Kijiweni

Nimerudi na kitu. Kigae, unasema jiwe la Hammurabi ni la Babeli. Baada ya Shutruk-Nahhunte, alitokea Babeli mfalme Nebukadreza wa Kwanza (si yule wa Danieli, huyu ni wa zamani zaidi). Aliipiga Elamu, akarudi nyumbani na sanamu ya Marduk, mungu wa Babeli. Jiwe la sheria likabaki Susa. Mwenyewe alifika, akachukua alichokiona cha maana. Halafu hilo neno "kurudisha" lina historia yake chafu. Ashurbanipal wa Ashuru alipoiteketeza Susa karibu 647 KK, akafukua makaburi ya wafalme na kumwaga chumvi ardhini, alijisifu pia kwamba amemrudisha mungu mke Nanaya Uruk baada ya miaka 1,635. Mali ilirudi, mji ukafa.

Na lile jiwe la ushindi la Naram-Sin, mfalme wa Akadi? Shutruk-Nahhunte aliandika maneno yake juu yake, pale kwenye mlima uliochongwa, kwa Kielami, akieleza alivyolileta Susa. Sasa hilo ni la Iraki au la Irani? Utalipasua?

Kigae

La Naram-Sin umenishinda, nakubali hadharani. Jiwe lile ni hati mbili kwenye mwamba mmoja, na hiyo ya pili ni ya Kielami halali. Siwezi tena kusema liende Iraki moja kwa moja. Labda likae miaka huku, miaka kule, lakini hata hilo nalisema bila nguvu.

La Hammurabi sijabadilika. Tazameni picha yake upande wa mbele, chini. Kuna safu kadhaa za sheria zimefutwa, jiwe limesuguliwa likawa laini tayari kwa jina la mfalme wa Elamu. Hakuna kilichoandikwa hapo. Mwelami alifuta asiandike. Napir-Asu arudi Shush, hilo sibishani na mtu. Hammurabi aende Baghdad.

Jamaa yangu nimemtumia uzi mzima asubuhi hii. Kajibu neno moja: "Irani."