Ibada ya Ijumaa Kuu: saa tisa alasiri au jioni?

Mlei wa Kanda: Wakuu, kila Kwaresima hili linarudi. Parokia nyingi za mjini siku hizi zinaweka Ibada ya Mateso ya Ijumaa Kuu saa kumi na mbili jioni, mchana wote unaachiwa Njia ya Msalaba ya barabarani. Nyingine zimeshikilia saa tisa na hazitaki kusikia lingine. Ipi ni sawa? Naomba hoja, matusi tuyaache Jumanne ya Majivu ilipotukuta, maana nayo mliigombea.

Sakristia Yetu: Saa tisa, basi. Mathayo 27: giza tangu saa sita hata saa tisa, na saa tisa hiyo Bwana akalia kwa sauti kuu. Tena ikipita saa kumi na mbili haina uhalali, Roma ilishasema.

Katekista wa Zamani: Kwanza Majivu ni Jumatano. Pili, Roma haikusema hivyo, ndugu yangu. Waraka wa 1988 juu ya maadhimisho ya Pasaka unasema saa tisa ndiyo inayofaa hasa, lakini kwa sababu za kichungaji saa inaweza kubadilishwa, hata jioni, mradi isivuke saa tatu usiku. Na hao wa "desturi ya mababu" wajue kwamba kabla ya mageuzi ya Papa Pio XII, amri ya Novemba 1955, ibada hii ilifanyika asubuhi. Paroko mwenye vigango sita atajigawa vipi saa tisa?

Mlinzi Zamu ya Mchana: Hapo sawa. Sikukuu ya kitaifa ni ya wenye ofisi. Walinzi, wauguzi, madereva na wa sokoni wako kazini. Wekeni jioni. Halafu hata mkianza saa tisa mnatoka usiku kwa sababu ya ile foleni ya kubusu msalaba. Ukifika zamu yako, miguu ya Yesu ina lipstiki ya WAWATA nzima, akina mama Wakatoliki wote.

Dada Mezzo: Lipstiki imekukosea nini? Wanaume wanafika pale na jasho la Njia ya Msalaba, midevu na ugoro, hakuna anayesema. Ila mwanamke akipaka mdomo ndiyo ameuchafua Msalaba Mtakatifu?

Mlinzi Zamu ya Mchana: Sijasema ameuchafua. Nimesema inabaki.

Dada Mezzo: Ikibaki ni kazi ya mtumishi aliyeshika kitambaa. Mpeni kitambaa cha maana, msimpe leso moja ya mezani kwa watu elfu.

Sakristia Yetu: Dada amegusa penyewe. Vitambaa viwe vya pamba, vikavu, si chini ya sita, kimoja kikilowa unachukua kingine. Watumishi wawili wenye mishumaa kulia na kushoto, wa tatu anafuta baada ya kila mtu, anafuta kwa upande mmoja, hasugui. Msalaba ukiwa wa plasta mkisugua kila mwaka rangi ya vidole vya miguu inabanduka, chini yake unaona weupe wa chokaa. Hapo mnaanza kumtafuta fundi wa kupaka, anakuja na rangi ya mlango.

Mjumbe Afya: Kitambaa kikavu hakiui mdudu. Tumieni kitakasa mikono.

Sakristia Yetu: Na vanishi je? Spiriti inaiyeyusha. Mara ya kumi mti unanata, mara ya ishirini unapauka madoa meupe. Mnaharibu msalaba wa miaka arobaini ndani ya alasiri moja.

Mjumbe Afya: Afadhali msalaba upauke kuliko watu waugue. Machi 2020 Vatikano yenyewe ilielekeza abusu kiongozi wa ibada peke yake.

Katekista wa Zamani: Ilielekeza kwa ajili ya Korona, mkuu, si sheria ya milele. Na hata siku ya kawaida hakuna anayelazimishwa kubusu. Unapiga goti mbele ya Msalaba, unaondoka, umeabudu. Wengi wanafikiri wasipogusa kwa mdomo wamekosa neema.

Mhasibu wa Jimbo: Nawapigia hesabu. Watu 1,200. Mtu kufika, kupiga goti, kubusu, kufutwa, kuondoka: sekunde 6 akiwa mwepesi. Ni sekunde 7,200, yaani saa mbili kamili. Foleni mbili kwa msalaba uleule, saa moja. Misalaba minne yenye foleni moja moja, nusu saa. Sasa nani anapinga misalaba minne?

Katekista wa Zamani: Rubriki, yaani maelekezo ya kitabu cha ibada, inapinga. Msalaba uwe mmoja tu, maana kinachoabudiwa ni ishara moja. Mkiwa wengi mno dawa imeandikwa palepale: padre na waumini wachache wakishaabudu, anauchukua Msalaba, anasimama katikati mbele ya altare, anawaalika watu kwa maneno machache, anauinua juu kwa muda, wote wanaabudu kwa kimya. Dakika mbili.

Dada Mezzo: Jaribu uone. Bibi katoka kigangoni kwa mguu, umwambie auangalie kwa mbali. Atakupita huyo.

KKKT Damu: Nawasoma tu nacheka. Sisi Walutheri hatuna foleni kwa sababu hatubusu mbao. Neno linahubiriwa, watu wanarudi nyumbani.

Mlinzi Zamu ya Mchana: Nyumbani saa ngapi? Maneno saba ya Yesu msalabani, wahubiri saba, kwaya saba, na kila mhubiri anaanza na "kwa ufupi wapendwa".

KKKT Damu: Usitupakazie. Wahubiri saba si sharti, mchungaji mmoja anaweza kuyachukua yote. Na ukitaka kuyajua yalivyo: matatu yako Luka 23, matatu Yohane 19, moja linapatikana kwa Mathayo na Marko. Ukimpa kila mtu dakika saba za saa halisi na wimbo beti mbili, saa moja na robo umemaliza. Kinachoharibu ni mhubiri wa "Naona kiu" kuanza historia ya maji ya Israeli tangu Musa. Na kuhusu alasiri, hatuna cha kujifunza kwenu: Leipzig, Ujerumani, mwaka 1724 mtunzi Bach alipiga muziki wake wa Mateso ya Yohane kwenye vespa, ibada ya alasiri ya Ijumaa Kuu, mahubiri yakiwa katikati ya sehemu mbili.

Dada Mezzo: Na hapo kwenu usharikani mnaimba Bach?

KKKT Damu: Tunaimba kitabu chetu cha nyimbo, Tumwabudu Mungu Wetu. Tatizo liko wapi?

Mlei wa Kanda: Jamani, swali lilikuwa saa.

Mtanzania Texas: Huku Marekani Ijumaa Kuu si sikukuu ya shirikisho, watu wako kazini. Parokia nyingi zina Njia ya Msalaba mchana kwa wanaoweza, Ibada saa moja jioni. Hakuna anayegombana. Ila foleni ya Msalaba ipo ileile.

Mworthodoksi Nairobi: Kwetu jioni haina mjadala. Alhamisi jioni zinasomwa Injili kumi na mbili za Mateso. Ijumaa jioni tunaimba maombolezo na kuzunguka kanisa na kitambaa chenye sura ya Kristo aliyelazwa kaburini. Na sisi tunabusu, tunabusu kila kitu. Lipstiki inafutwa kabla ya kuingia, mambo yanaisha.

Mlinzi Zamu ya Mchana: Asante Mworthodoksi! Ndicho nilichosema.

Dada Mezzo: Hukusema hivyo, ulisema WAWATA.

Mpiga Kinanda: Mnashughulika na midomo, mimi nina shida ya muziki. Foleni ya saa moja, kwaya imeandaa nyimbo mbili na Mashutumu, ule wimbo wa Kristo kuwalaumu watu wake. Dakika ya ishirini zimeisha. Mwalimu anaangalia huku na huku, anaanzisha wimbo wa Jumapili, mtu wa ngoma anajisahau. Ijumaa Kuu kinanda kinashikilia sauti tu, ngoma zimelala tangu wimbo wa Utukufu wa Misa ya Alhamisi Kuu. Andaeni Zaburi ndefu yenye kiitikio kifupi na muirudie. Kurudia si dhambi, na kimya nacho kinaruhusiwa.

Sakristia Yetu: Na hostia, mikate ya Komunyo! Jioni watu wanaongezeka, na hostia zimewekwa wakfu Alhamisi usiku kwa kukisia. Ijumaa hakuna Misa, zikipungua huwezi kuongeza. Mtamwona padre anavunja robo, halafu robo ya robo. Zikibaki nyingi nazo ni kesi, Jumamosi Komunyo ni ya wanaokufa tu. Saa tisa mahudhurio yanajulikana, jioni ni bahati nasibu.

Katekista wa Zamani: Hiyo hoja ndiyo ya kwanza ya maana umetoa leo. Ila dawa yake ni kuwahesabu watu mwaka huu na kuandika kwenye daftari la sakristia, si kuhamisha saa.

Mhasibu wa Jimbo: Daftari gani, lile lenye hesabu ya mchango wa Nchi Takatifu ambalo halionekani tangu Pasaka?

Sakristia Yetu: Unamaanisha nini? Sema wazi.

Mhasibu wa Jimbo: Nimeuliza daftari, sijataja mtu.

Mlei wa Kanda: Msihamie kwenye hela, tafadhali. Mnaotaka jioni: daladala za kurudi saa tatu usiku mnazipata wapi?

Dada Mezzo: Zilezile tunazopanda Mkesha wa Pasaka, na ule unaisha saa sita. Sakristia Yetu, jibu la daftari bado tunalisubiri.